Jina la Bandia Katika Kitabu cha Kuaminiwa

Mwaka 1990 kampuni ya uchapishaji ya Garland, ya New York, ilitoa kitabu ambacho wasomaji wa Kiingereza hawakuwahi kuwa nacho: ensaiklopidia nzima kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Ilikuwa na juzuu mbili nene zenye makala 770, kuanzia Ugiriki ya kale hadi siasa za Marekani ya wakati ule. Mhariri mkuu alikuwa Wayne Dynes, mtaalamu wa historia ya sanaa aliyefundisha Hunter College. Alisaidiwa na William Percy, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Boston, pamoja na Warren Johansson na Stephen Donaldson. Kitabu kikaingia maktabani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1995, Garland ikaacha kukiuza, na serikali wala mahakama haikuwa na mkono katika uamuzi huo. Ilikuwa imebainika kwamba Evelyn Gettone, mwanamke ambaye jina lake lilikuwa chini ya makala kadhaa, hakuwapo duniani. Lilikuwa jina la bandia, na aliyelitumia ni Dynes mwenyewe.

Mtu anaweza kuusoma mkasa huu kama ugomvi wa maprofesa wa ng'ambo, akafunua ukurasa wa michezo. Lakini ndani yake mna swali linalomhusu kila anayefungua kamusi, atlasi au kitabu chochote cha marejeo: msomaji asiyeweza kuhakikisha mambo mwenyewe anamwamini nani, na kwa dhamana gani? Ninavyoona mimi, yalitendeka makosa mawili. La kwanza ni la mhariri, nalo ni kubwa kuliko wanavyokiri wanaomtetea, kwa sababu katika somo hili jina la mwandishi ni sehemu ya ushahidi wenyewe. La pili ni la mchapishaji, ambaye alitibu uongo mmoja kwa kuondoa sokoni pamoja nao mamia ya kurasa za kweli. Kosa hili la pili limezungumzwa kidogo mno, na ndilo lililomuumiza msomaji zaidi.

Ili kuupima uzito wa kitabu hicho, ni lazima kukumbuka msomaji alikuwa anakuta nini kabla yake. Barbara Gittings, aliyezaliwa mwaka 1932 na baadaye akawa mwanaharakati mashuhuri wa Marekani, alipokuwa mwanafunzi alitafuta maktabani habari za watu kama yeye. Alichokipata kilikuwa katika vitabu vya magonjwa ya akili na vya uhalifu. Mwaka 1956 mkutubi Jeannette Foster, aliyekuwa amefanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Alfred Kinsey, alitoa uchunguzi wake mkubwa kuhusu wanawake wanaopenda wanawake katika fasihi, na ilimbidi agharimie uchapishaji kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1970 kikaundwa kikundi cha wakutubi ndani ya Chama cha Maktaba cha Marekani kushughulikia upungufu huo, na muda si mrefu Gittings akakiongoza ingawa hakuwa mkutubi. Mwaka 1972 Maktaba ya Bunge la Marekani ikakubali kuanzisha namba mpya ya vitabu vya harakati za wapenzi wa jinsia moja, nje ya fungu la mahusiano ya kijinsia yasiyo ya kawaida. Mwaka uliofuata, Desemba 1973, chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kikaliondoa jambo lenyewe katika orodha yake ya maradhi. Shirika la Afya Duniani lilichukua hatua hiyo tarehe 17 Mei 1990, mwaka uleule ensaiklopidia ilipotoka.

Kwa hiyo kitabu cha Dynes kilifika wakati namba za maktaba na orodha za madaktari zimekwisha kubadilika, lakini mahali pa kuanzia kusoma palikuwa bado hapajulikani. Bibliografia zilikuwapo. Garland hiyohiyo ilikuwa imechapisha moja ya juzuu mbili mwaka 1976, iliyoandaliwa na Vern Bullough na wenzake, na Dynes mwenyewe alitoa mwongozo wa utafiti mwaka 1987. Ila bibliografia humwonyesha mtu njia tu. Ensaiklopidia humfikisha. Mwanafunzi mwenye saa moja kabla ya mhadhara, wakili anayeandaa hoja, mchungaji anayeandaa mahubiri ya kupinga, wote walipata mahali pamoja pa kuanzia, na hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa tutazame kazi ya jina chini ya makala. Riwaya nzuri hubaki nzuri hata kama mwandishi hajulikani. Kitabu cha marejeo hakina bahati hiyo, kwa kuwa anayekifungua anafanya hivyo kwa sababu hajui, na asiyejua hana kipimo chake mwenyewe. Wahariri wakubwa walilitambua hilo zamani. Chapa ya 11 ya Encyclopaedia Britannica, ya mwaka 1910 na 1911, iliweka herufi za kwanza za majina ya waandishi mwishoni mwa makala, na ufunguo wa herufi hizo ukawekwa mwanzoni mwa juzuu pamoja na sifa za kila mtu. Katika upwa wetu kanuni hii ni kongwe kuliko Britannica. Wanachuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno hata yawe mazuri namna gani. Waliuliza yamepokewa na nani kutoka kwa nani, kila mpokezi aliishi wapi, alikutana na nani, na je alijulikana kwa ukweli. Mpokezi asiyejulikana huidhoofisha habari hata kama matini yake hayana kasoro, na huo ni utaratibu tu wa watu waliojua kwamba habari husafiri mikononi mwa watu.

Katika somo la mapenzi ya jinsia moja utaratibu huo unahitajika maradufu, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichoandikwa kimeandikwa na wageni, kuhusu mambo ambayo wenyeji hawakuwa na haja ya kumweleza mgeni. Mfano wa karibu na sisi ni Richard Burton, Mwingereza aliyepita Unguja na kufika Ujiji mwaka 1858. Katika insha ndefu aliyoiambatisha kwenye tafsiri yake ya masimulizi ya Alfu Lela Ulela miaka ya 1880, alichora ramani ya dunia ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume, na akadai kwamba watu weusi kwa sehemu kubwa hawana jambo hilo. Mwaka 1899, bado kizazi hakijapita, jarida la kitaalamu la Ujerumani likachapisha taarifa fupi iliyoeleza kuwapo kwa jambo hilo Unguja, pamoja na istilahi na desturi zake. Nani mkweli? Huwezi hata kuanza kujibu bila kujua Burton alikaa pwani muda gani, alizungumza na nani, na alikuwa na nadharia gani kichwani kabla ya kushika kalamu. Burton alikuwa na nadharia ya hali ya hewa, na ramani yake ilifuata nadharia hiyo kuliko ilivyofuata watu.

Au mchukue Edward Evans-Pritchard, ambaye vizazi vya wanafunzi wa anthropolojia vimemsoma. Aliishi na Wazande mwishoni mwa miaka ya 1920, watu ambao nchi yao leo imekatwa na mipaka ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kitabu chake mashuhuri kuhusu uchawi na ramli zao kilitoka mwaka 1937. Makala yake mahususi kuhusu askari wa Kizande waliokuwa wakioa vijana wa kiume, na kuhusu uhusiano wa wanawake katika nyumba za wakuu, ilitoka mwaka 1970, miongo minne baada ya utafiti. Msomaji anayeziona tarehe hizo na jina hilo anapata habari ya ziada ambayo makala yenyewe haisemi: kwamba hata mtafiti aliyeyajua mambo haya aliyaweka kabatini kwa muda mrefu. Ukiliondoa jina, historia ya ukimya huo inapotea, na mtu mwingine anaweza kudhani kwa moyo mweupe kwamba kutokuwapo kwa maandishi kabla ya 1970 ni dalili ya kutokuwapo kwa jambo.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka ng'ambo ya bahari yetu, Oman. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia wa Norway, Unni Wikan, alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu wanaume wa mji wa Sohar walioishi kijamii kati ya uume na uke. Alidai kwamba hao wana nafasi yao ya tatu katika jamii, si ya mwanamume kamili wala ya mwanamke. Mwaka uliofuata Gill Shepherd, mtafiti aliyeifahamu Mombasa, alimjibu katika jarida hilohilo. Baadaye, mwaka 1987, aliandika kwa upana kwamba Mombasa mambo hayaelezeki kwa jinsia peke yake: cheo, mali na utegemezi vina uzito mkubwa, na mtu hakosi kuhesabiwa mwanamume kwa sababu ya anayelala naye. Mjadala wao haujaisha mpaka leo. Lakini kilichowezesha hoja ya Wikan tangu mwanzo ni kwamba alikuwa mwanamke. Aliketi na wanawake ndani, akawasikia wakizungumza, akaona ni nani anayeruhusiwa kuingia na mbele ya nani shungi halivutwi. Mtafiti wa kiume asingefika hapo. Mtu anayeipima makala yake bila kujua hilo ameipima nusu.

Hapa ndipo jina la Evelyn Gettone linapokuwa zaidi ya mzaha wa mhariri. Lalamiko kubwa lililoziandama kazi za aina hii ni kwamba zinaandikwa na wanaume kuhusu wanaume, na kwamba wanawake wanaopenda wanawake wanaachiwa pembe. Mhariri mwenye pengo kama hilo ana njia za halali: atafute waandishi wanawake, asubiri wapatikane, au akiri katika dibaji kwamba kitabu kina upungufu. Jina la kike la kubuni linafanya jambo tofauti. Linamfanya msomaji ahesabu mwanamke mmoja zaidi kati ya mashahidi, mwanamke mwenye macho yake na milango iliyokuwa wazi kwake, ilhali aliyeshika kalamu ni yuleyule mwanamume. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Sina haja ya kuingia moyoni mwa Dynes kujua alikusudia nini. Athari kwa msomaji ni ileile kwa nia yoyote: alipewa ushahidi wa uongo kuhusu chanzo cha ushahidi.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya makala hayakuwa ya uongo, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Hoja hii ingesimama katika jedwali la hesabu, ambako msomaji anaweza kujumlisha mwenyewe. Katika historia ya watu waliojificha haisimami, kama mifano ya Sohar na ya Wazande inavyoonyesha. Ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ya historia ya lakabu zenyewe. Karl Heinrich Ulrichs, mwanasheria wa Kijerumani, alianza kutoa vijitabu vyake mwaka 1864 kwa jina la Numa Numantius, na hakuweka jina lake halisi kwenye jalada mpaka mwaka 1868. Kitabu cha mwaka 1951 kilichowafumbua macho Wamarekani wengi kilitoka kwa jina la Donald Webster Cory, ambaye kwa kweli ni Edward Sagarin. Barbara Grier alipotoa mwaka 1967 bibliografia ya wanawake wanaopenda wanawake katika fasihi, alitumia jina la Gene Damon. Hata miongoni mwa wahariri wa ensaiklopidia yetu, Johansson na Donaldson ni majina ya kujipa. Je, tuwatie wote hatiani?

Hapana, na sababu haina utata. Ulrichs alijificha kwa sababu angepoteza mkate wake na uhuru wake, na lakabu yake ilikuwa ngao. Haikumwongezea sifa asizokuwa nazo, wala haikubadilisha uzito wa hoja zake za kisheria, kwa kuwa aliyeandika alikuwa kweli mwanasheria na alikuwa kweli mmoja wa watu aliowaandikia. Hata magazeti yetu ya Kiswahili yamejaa washairi wenye lakabu tangu zamani, na hakuna msomaji aliyewahi kudhani ametapeliwa. Kipimo changu ni kimoja: je, jina la bandia linamwambia msomaji jambo la uongo ambalo lingebadilisha namna anavyoipima habari? Numa Numantius hafanyi hivyo. Gettone anafanya. Na kuna tofauti nyingine: mwandishi aliyejificha ana mhariri anayemjua na kumdhamini, ilhali hapa mdhamini ndiye aliyejificha. Mlinzi wa lango alipobadili kanzu, hapakubaki mtu wa kumuuliza kitambulisho.

Niseme kando kidogo kwamba mwaka 1994, mwaka mmoja kabla ya kitabu kuondolewa, Johansson na Percy walichapisha pamoja kitabu kinachotetea kuwafichua hadharani watu mashuhuri wanaoficha mapenzi yao. Mmoja wa watetezi hao wa kufichua wengine alikuwa anatembea na jina la kujipa. Sisemi hili kwa kebehi tu. Linaonyesha kwamba kundi hili lilikuwa na msimamo mkali kuhusu uwazi wa wengine na msimamo mlegevu kuhusu uwazi wake. Percy, kwa upande wake, alikuwa amezama katika historia ya wanaume watu wazima na wavulana katika Ugiriki ya kale, na mwaka 1996 alitoa kitabu kizima juu yake. Mada kama hiyo, ambayo leo inagusa moja kwa moja usalama wa watoto, ndiyo hasa inayotaka mwandishi ajulikane kwa jina na mwelekeo, ili msomaji ajue kama anasoma maelezo ya historia au utetezi uliovishwa joho la historia.

Sasa nije kwa mchapishaji. Garland ilikuwa na njia kadhaa. Ingeweza kuchapa karatasi ya masahihisho inayotaja kila makala yenye jina la Gettone na mwandishi wake halisi, ikaipeleka kwa maktaba zilizonunua. Ingeweza kutoa chapa ya pili iliyorekebishwa. Ilichagua kuacha kuuza. Fikiria nini kilitokea baada ya hapo. Nakala zilizokwisha kununuliwa zilibaki kwenye rafu, na makala za Gettone zimo ndani yake bila alama yoyote ya kumwonya asomaye. Waandishi wengine, walioweka majina yao ya kweli na hawakumdanganya mtu, walipoteza kitabu chao kwa kosa lisilo lao. Na msomaji mpya, hasa wa chuo kisicho na fedha ambacho hakikuwahi kununua mapema, alikosa yote mawili, yaani kitabu na masahihisho.

Historia ya vitabu vya marejeo ina mfano unaofundisha zaidi. Kati ya 1887 na 1889 kampuni ya Appleton ya New York ilitoa kamusi ya wasifu ya juzuu sita. Miaka 30 baadaye, mwaka 1919, mtaalamu wa mimea John Hendley Barnhart alichapisha orodha ya wanabotania 14 waliomo humo ambao hawakuwahi kuishi, wenye safari ambazo hazikufanyika na vitabu ambavyo hakuna aliyeviona. Watafiti waliomfuata wakaongeza majina mengine kwa makumi. Ulikuwa udanganyifu mkubwa kuliko wa Gettone, maana pale watu wazima walibuniwa na maisha yao. Lakini kamusi ya Appleton haikutoweka. Wakutubi na wanahistoria waliendelea kuitumia wakiwa na orodha za uongo wake mkononi, na leo mtafiti anajua sehemu gani aiamini na ipi aiepuke. Hata wachapishaji wenyewe hubuni watu kwa makusudi: New Columbia Encyclopedia ya mwaka 1975 ilimweka Lillian Virginia Mountweazel, mpigapicha wa masanduku ya barua asiyekuwapo, kama mtego wa kuwanasa wanaonakili bila ruhusa. Hakuna aliyedai kitabu kizima kiondolewe kwa ajili yake.

Wanaoitetea Garland wanasema kwamba kampuni ya biashara haiwezi kuuza bidhaa inayojua ina udanganyifu, na kwamba wanawake waliodhihakiwa na jina lile walistahili hatua inayoonekana. Nakubaliana na sehemu ya pili. Ya kwanza inasahau kwamba bidhaa yenye kasoro hurekebishwa, na kwamba kitabu ni rahisi kurekebisha kuliko gari. Kuna pia wanaosema kwamba mambo yaliishia vizuri, kwa kuwa mwaka 2000, baada ya Garland kununuliwa na Taylor & Francis, jina lilelile la kampuni lilitoa ensaiklopidia mpya ya juzuu mbili, moja ya wanawake chini ya Bonnie Zimmerman na nyingine ya wanaume chini ya George Haggerty. Ni kweli, na juzuu ya Zimmerman ilikuwa jibu halisi kwa lile pengo: wanawake walipewa kitabu chao na mhariri wao. Lakini kati ya 1995 na 2000 ni miaka mitano, na kizazi kizima cha wanafunzi wa chuo huingia na kutoka katika muda huo. Tena kitabu kipya hakisahihishi cha zamani. Kinakaa kando yake tu.

Najua msomaji mwingine wa gazeti hili ameuliza tangu aya ya kwanza: haya yanatuhusu nini sisi? Kifungu cha 154 cha sheria ya adhabu ya Tanzania kinatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Kifungu cha 162 cha Kenya, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, kinatoa hadi miaka 14. Wengi katika jamii zetu wanalipinga jambo hili kwa imani yao, na kwao kuondolewa kwa kitabu kama hicho ni heri. Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuvipiga marufuku shuleni vitabu 16 kwa sababu ya maudhui yake, na wazazi wengi walimuunga mkono. Siwezi kulipuuza hilo, na kuchagua vitabu vinavyofaa umri wa watoto ni kazi halali ya wizara yoyote. Lakini ensaiklopidia ya juzuu mbili si kitabu cha darasa la nne. Inasomwa na mbunge anayeandaa hotuba, hakimu anayeandika hukumu, daktari na shekhe na padri. Anayetaka kulipinga jambo kwa hoja anahitaji habari za kweli kuhusu jambo hilo kama anavyozihitaji anayelitetea, na yeye ndiye wa kwanza kuaibika akinukuu uongo.

Uganda ilitupa mfano ambao hauhitaji chumvi. Mapema mwaka 2014 Rais Yoweri Museveni, kabla ya kutia saini muswada wa kupinga ushoga, aliomba jopo la wanasayansi wa nchi yake limpe ripoti. Wakaiandika. Muhtasari uliotolewa kwa umma na upande wa kisiasa ulisema yake, na baadhi ya wanasayansi waliohusika wakajitokeza kusema kwamba ripoti yao haikuelezwa sawasawa. Sheria ilitiwa saini tarehe 24 Februari mwaka huo, kisha Mahakama ya Katiba ikaibatilisha tarehe 1 Agosti kwa sababu ya akidi ya Bunge. Uwe upande wowote, tazama kilichowezesha malalamiko yale: waandishi walikuwa watu halisi, wenye majina na vyeo, waliokuwa hai na tayari kuulizwa. Kama ripoti ile ingekuwa na majina ya kubuni, nani angesimama kusema hivi sivyo tulivyoandika?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawahusu watu wawili. Mhariri wa Afrika Mashariki atakayeandaa kitabu cha marejeo kuhusu mada nzito, iwe hii au nyingine, aweke mwishoni orodha ya waandishi na sifa zao, na anayehitaji kujificha kwa usalama wake aandikwe wazi kwamba jina lake si halisi na kwamba mhariri anamjua. Na mkutubi yeyote ambaye rafuni kwake imo ensaiklopidia ya 1990 asiitupe. Abandike ndani ya jalada karatasi yenye sentensi mbili: kwamba makala zenye jina la Evelyn Gettone hazikuandikwa na mtu mwenye jina hilo, na kwamba mchapishaji aliacha kukiuza kitabu mwaka 1995. Kazi hiyo itamchukua dakika tano na gundi kidogo.